Jiwe la Bahari Lina Kwao

Wanangu na wajukuu zangu mnaozama.

Nasema na nyinyi mnaovaa mitungi ya hewa na kuwaongoza wageni kwenye miamba ya Misali, Fundo na Njao, hapa kwetu Pemba. Nasema pia na nyinyi mnaozama kwa pumzi zenu kutafuta pweza na jongoo bahari. Maisha yangu niliyagawa baina ya chaki na mashua: asubuhi skuli nikisomesha jiografia, siku za mapumziko baharini. Uzee umeniondoa kote kuwili, ukaniachia ulimi. Kwa ulimi huo nataka kuwaonya juu ya jambo moja.

Siku hizi nayaona mawe yaliyotoka chini ya maji yamepangwa madirishani, yamewekwa kuzuia milango, yamelazwa kwenye meza za wauza shanga. Moja lina kombe ndani yake, jengine ni tumbawe lililogeuka mwamba mtupu, jengine ni mfupa mzito usiojulikana wa nani. Nikiuliza limetoka wapi, najibiwa, "Baharini." Bahari ya upande gani? Pima ngapi? Lilikuwa limeshikana na mwamba au limelala mchangani? Aliyelitoa hakumbuki. Mawe hayo mengi ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika mwambani, na kisukuku kisichojulikana kilipotoka hakiwezi tena kutuambia kile tulichotaka kukijua.

Onyo langu basi ni hili: msiling'oe jiwe kabla ya kuliandika. Mkishaliandika sawasawa, mara nyingi mtaona hapana haja ya kuling'oa.

Kwanza tambueni mnazama wapi. Baina yetu na Tanga upo mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake kinafika kiasi cha mita 800. Unguja si hivyo. Bahari iliyo kati yake na bara ni ya maji haba. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilishuka kiasi cha mita 120. Unguja ikaungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa. Kuta mnazoteremka nazo leo kwenye mita 20 na 30 zilikuwa wakati ule majabali ya nchi kavu, yakipigwa jua na mvua. Kwa hiyo mkikuta huko chini pango, au mkato mrefu uliolala ubavuni mwa mwamba, msipite mbio. Huenda mnatazama pwani ya kale, mahali wimbi lilipokuwa likilila jabali kabla bahari haijapanda.

Rudini nyuma zaidi, miaka 125,000 hivi. Hapo bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakamea mahali ambapo sasa tunapita kwa miguu. Mwamba mkali unaotukata nyayo pwani, ule ambao wazee wetu waliuchimba mawe ya kujengea, ni matumbawe ya zama za namna hiyo. Tazameni vizuri kuta za magofu ya Ras Mkumbuu na ya Chwaka, mtayaona makombe na matumbawe ndani ya mawe yenyewe. Upande wa Wete kuna tabaka kongwe kuliko hizo, za zama za Miosini, zenye umri wa mamilioni ya miaka. Mwanajiolojia G. M. Stockley alikusanya visukuku vya visiwa vyetu katika miaka ya 1920, na taarifa zikachapishwa mwaka 1927 na 1928. Wataalamu bado wanazirejea, kwa sababu vitu vilipangwa kwa tabaka na kwa mahali vilipookotwa. Lakini Stockley alikuwa mtu wa nchi kavu. Kuta za chini ya maji hakuziona. Nyinyi ndio mnaoziona, na kwa hiyo nyinyi ndio mnaoweza kuziharibu kabla mtu mwengine hajajua zina nini.

Ili mjue kwa nini nashikilia sana habari ya mahali, nitawapa mfano wa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1964, huko Loperot, upande wa Turkana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipata fuvu la nyangumi. Nyangumi katika nchi kame, kilomita 740 kutoka pwani ya leo, mita 620 juu ya usawa wa bahari! Fuvu lilichukuliwa Marekani, likaelezwa kitaalamu mwaka 1975, kisha likapotea machoni mwa watu. Lilitafutwa miaka mingi hadi lilipoonekana tena mwaka 2011 huko huko Harvard. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitaja umri wake kuwa miaka milioni 17. Nyangumi yule aliingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi, akapandisha na maji mpaka akafia bara. Nyangumi hapandi maporomoko. Basi nchi ile wakati huo ilikuwa chini, karibu na usawa wa bahari, na baadaye ndipo ardhi ya Afrika Mashariki ilipoinuka, mvua zikabadilika na misitu ikapisha mbuga.

Fuvu hilo hilo lingekutwa ndani ya kasha lisilo na jina la Loperot, lingekuwa fuvu la nyangumi tu, na nyangumi wa kale wako wengi duniani. Habari yote ya kuinuka kwa nchi ilikuwa katika mahali lilipolala. Wahenga wetu walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Samaki aitwaye silikanti alijulikana na wataalamu tangu karne ya 19 kwa visukuku vyake tu, wakaamini ametoweka tangu zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Desemba 1938 akavuliwa mmoja mzima huko Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji wa East London, alimtambua kuwa si samaki wa kawaida, akamchora na kumwandikia Profesa J. L. B. Smith. Lakini joto la Desemba halikusubiri barua. Hapakuwa na pa kumhifadhi samaki mkubwa namna ile, na matumbo yake yakatupwa kabla ya Smith kufika. Ikawabidi watafute miaka 14. Mwaka 1952 vipeperushi vya Smith vyenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi vilitoka Unguja na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara baina ya Zanzibar na Komoro. Desemba mwaka huo mvuvi Ahamadi Abdallah wa Nzwani akamvua silikanti. Aliyemjua ni mwalimu wa skuli, Affane Mohamed, kwa kuwa alikuwa amekiona kile kipeperushi. Bila ya mwalimu huyo samaki angekatwa mnofu na kuliwa.

Tangu mwaka 2003 silikanti wengi wamenaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga, ng'ambo yetu hapo, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Nungwi nako alivuliwa mmoja mwaka 2007. Angalieni katika visa vyote hivyo vya silikanti nani alikuwa wa mwanzo kukiona kitu: ni mvuvi. Mtaalamu alifika baadaye. Na East London na Nzwani kilichookoa habari ni mtu mmoja aliyekuwa na ujuzi kidogo, akauliza kabla ya kisu kushuka. Nyinyi mnaozama mko katika nafasi ile ya mvuvi wa Nzwani. Nataka muwe pia na ujuzi wa yule mwalimu.

Basi jifunzeni kutambua. Tumbawe lililokufa juzi ni jepesi kwa umbo lake na vijitundu vyake viko wazi. Tumbawe la kale aghalabu ni zito, vijitundu vimezibwa na fuwele zinazometa, na limeungana na mwamba hata huwezi kusema linaanzia wapi. Kombe la kale hukosa rangi na mng'aro wake, na ndani yake mara nyingi pamejaa jiwe. Pengine kombe lenyewe limeyeyuka, likaacha uwazi wenye sura yake. Uwazi huo nao ni kisukuku, msiuone ni tundu tu mkaupiga nyundo. Jino la papa la kale huwa na rangi ya kijivu, kahawia au nyeusi, kutokana na madini yaliyoingia humo, lakini rangi peke yake si ushahidi, maana hata mfupa wa jana ukilala topeni hubadilika. Ukubwa husaidia: jino la megalodoni, papa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, linaweza kuzidi sentimita 15, wakati papa wakubwa wa leo hawakaribii kipimo hicho.

Mifupa ndiyo inayopoteza wengi. Mbavu za nguva kwa asili yake ni nzito na zimejaa, hazina uwazi ndani, na mwenye kuziokota hudhani zimekuwa mawe. Huenda ni za nguva aliyeishi enzi za babu yenu. Tazameni kama vijitundu vya mfupa vimejaa madini, na kama kuna mwamba ulioushika ambao haubanduki kwa mkono. Msijaribu kwa moto, wala kwa kuukwaruza kisu. Na mkikuta vigae, shanga, nanga ya mawe au mzinga, hivyo si visukuku bali ni athari za watu. Amri yake ni ile ile: msiguse, andikeni.

Kuandika kwenyewe hakuhitaji chuo kikuu. Pigeni picha kwanza ya mahali pote, kisha ya karibu, na pembeni mwa kitu muweke rula au hata kisu chenu cha kuzamia ili ukubwa ujulikane. Andikeni siku, kina, na kitu kilikuwaje: kimo ndani ya ukuta, kimelala juu ya mchanga, au kimeporomoka na kifusi. Kilichomo ndani ya ukuta kina tabaka lake, kwa hiyo umri wake unaweza kutafutwa. Kilicholala mchangani huenda mkondo umekileta kutoka kwengine, na hilo nalo liandikwe. Mkitoka juu ya maji chukueni vipimo vya mahali kwa simu. Simu ikiwa imekwisha moto, fanyeni kama wazee wenu tulivyofanya. Linganisheni alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti juu ya mnazi fulani upande mmoja, ncha ya kisiwa juu ya mkoko upande wa pili, na palipokutana njia hizo mbili ndipo penyewe. Kwa elimu hiyo tuliirudia miamba yetu ya samaki kwa miaka, bila ya chombo chochote. Isifie mikononi mwenu.

Halafu kiacheni. Mwamba uliokihifadhi miaka mingi hivyo utakihifadhi mpaka mtaalamu afike. Ukuta wa Misali hauvumilii patasi: ukivunja kipande cha kale unavunja na matumbawe hai yaliyomea juu yake, na samaki wanaohifadhika humo wanahama. Misali ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, na Mkondo wa Pemba tangu mwaka 2005. Hatukukubali mipaka hiyo ili tuivunje kwa mkono wa kushoto.

Lakini najua kuna mambo yanayokuja yenyewe. Nanga imeng'oa, jarife limepandisha, dhoruba ya kusi imekitupa ufukweni. Kitu kikishakuwa mkononi, hatari yake kubwa ni jua. Maji ya bahari yameingia mpaka ndani kabisa ya mfupa au jiwe, na mkikianika, maji hutoka na chumvi hubaki, ikawa fuwele, ikavimba, ikapasua. Mnaijua kazi ya chumvi hiyo kwenye nyumba zetu za chokaa za pwani, lipu inavyobanduka magamba magamba kila mwaka hata ukipaka rangi mara ngapi. Mfupa wa kale hufanywa vivyo hivyo kutoka ndani. Nimeuona uliotoka majini mzima, ukalazwa juu ya bati, na baada ya wiki chache ukawa vigae na unga.

Kwa hiyo kiwekeni mara moja ndani ya ndoo ya maji ya bahari, kivulini. Kama hamna ndoo, kizungushieni kitambaa kilichorowa na msikiache kikauke. Pelekeni habari upesi. Mtaalamu akichelewa, anzeni kuyapunguza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa maji matamu, na maji ya mvua ni mazuri, mpaka yawe matamu matupu, kisha mbadilishe maji hayo mara kwa mara. Kazi hiyo ni ya wiki nyingi, pengine miezi. Msitie ndimu wala siki kukisafisha, kwani chokaa ya kombe na ya tumbawe huyeyuka kwa ukali huo. Msitie dawa ya kufulia nguo nyeupe. Msipake vanishi, msiunge kwa gundi ya dukani, msibandue jiwe lililokizunguka, maana ndani ya jiwe hilo mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo vinavyowapa wataalamu umri. Na juu ya ndoo fungeni kibao au karatasi ndani ya mfuko wa plastiki yenye maandishi yote niliyoyataja. Ndoo isiyo na maandishi ni kama hamkufanya kitu.

Habari mpelekeeni sheha na kamati ya wavuvi, na kupitia kwao ifike Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Makumbusho ya Pemba yako Chake Chake, ndani ya ngome kongwe, si safari ya kumshinda mtu. Unguja tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kama mtu wa kwanza hakujali, nendeni kwa wa pili. Msikate tamaa mkalirudisha jiwe dirishani.

Sasa nije kwenye fedha, kwa kuwa najua ndiyo inayosukuma mikono. Mgeni akikuonyesha noti kwa ajili ya jiwe, unaiona noti na humuoni mtoto wako. Kumbukeni Tendaguru, huko Lindi. Baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwa mikono ya watu wetu, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zikabebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Leo mjukuu wa mchukuzi akitaka kuiona mifupa aliyoibeba babu yake hana budi kusafiri hadi Berlin, ambako mnyama mrefu kuliko nyumba amesimamishwa kwenye makumbusho tangu mwaka 1937. Wale wachukuzi walikuwa chini ya utawala wa kigeni, miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji na njaa yake. Hawakuulizwa. Sisi tunaulizwa, na tukiuza kwa hiari yetu tutakuwa hatuna wa kumlaumu.

Na sheria ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni unavitaja vitu vya viumbe wa kale kwa maneno ya wazi. Mgeni akikamatwa uwanja wa ndege na kisukuku ndani ya sanduku, swali la kwanza ataulizwa nani amempa. Mwambieni kwa upole: tazama, piga picha, ondoka na picha. Mgeni mwenye adabu atakuheshimu zaidi, na atarudi na wenzake kuuona ukuta huo huo. Jiwe huliuzi ila mara moja.

Neno jengine ni la uhai wenu. Tamaa ya kitu kilichoonekana mbele kidogo, chini kidogo, imewaua wazamiaji hodari. Ukiwa na mtungi, usizidishe kina wala muda kwa ajili ya kutazama, na usipande kwa haraka. Hewa iliyoyeyuka damuni hugeuka mapovu na kumlemaza mtu aliyekuwa mzima dakika moja kabla. Ukizama kwa pumzi, mwenzako awe juu anakutazama. Mikondo ya Pemba wakati wa bamvua haina rafiki. Usiingie pangoni peke yako kwa sababu umeona mfupa. Kisukuku kimesubiri miaka elfu na elfu. Kitasubiri mpaka maji mafu, na utarudi na wenzako.

Wanangu, sikutaka kuwatisha mkaiogopa bahari yenu. Nataka muijue. Bahari hii ni amana, na amana huulizwa. Basi fanyeni jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu. Kila diko na kila kituo cha kuzamia kiwe na daftari la mambo yaliyoonekana chini, lenye jalada gumu, likae kwa mtu mwaminifu anayejua kuandika. Yeyote anayepanda kutoka majini na habari, awe mzamiaji wa mitungi au mama aliyekwenda kuchokoa pweza maji yalipokupwa, aieleze kwa mwandishi na iandikwe siku hiyo hiyo, kabla ya samaki kugawanywa. Msingoje serikali iwaletee daftari. Bei yake ni ndogo kuliko ya ndoano zenu. Likijaa, nakala iende Chake Chake na lenyewe libaki kijijini.

Mkifanya hivyo, siku mtaalamu wa Pemba, aliyezaliwa Pemba na kusomea elimu hii, atakapouliza palilala nini na wapi, atajibiwa na watu wake mwenyewe. Huyo mtaalamu huenda yupo sasa hivi darasani, au huenda ni mmoja wenu mnaonisikiliza. Mwenyezi Mungu awahifadhi mnaposhuka na mnapopanda, na awape moyo wa kuacha mahali pake kile kisichokuwa chenu peke yenu.